Mlimani au Mzumbe: hesabu tulizopiga kabla sijathibitisha chuo

Mwaka 2022 nilichaguliwa na vyuo viwili kwa mkupuo mmoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo Mlimani, walinipa Shahada ya Biashara katika Uhasibu, Chuo Kikuu Mzumbe wakanipa Uhasibu na Fedha, ule mkondo wa sekta ya biashara ambao wanafunzi wanauita BAF-BS. Nilikwenda Mzumbe, na mwaka 2025 nikamaliza. Sisemi Mzumbe ni bora kuliko Mlimani. Anayetafuta ubishi huo hapa ataondoka mikono mitupu. Ningekuwa mtoto wa Sinza, karibu na Mlimani, wa kutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kula kwa mama, nisingewaza mara mbili. Lakini kwetu ni Singida, mama anauza mafuta ya alizeti kwa madumu, baba alishatangulia mbele za haki, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wawili wanaosoma. Kwa nyumba kama hiyo, jibu halitoki kwenye jina la chuo.

Nianze na mambo ya maombi, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Zamani maombi yote yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU, tume ya vyuo vikuu, wao ndio waliokupangia. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 unaomba moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuitwa na vyuo vitatu wakati jirani yake hana hata kimoja. Ukiitwa na zaidi ya kimoja, unatumiwa meseji yenye namba maalumu, unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, unathibitisha. Siku za kuthibitisha ni chache. Zikipita hujafanya kitu, unarudi kuomba awamu inayofuata, na wakati huo kozi za uhasibu nyingi zimeshajaa.

Meseji hiyo inakwenda kwenye namba ya simu iliyoandikwa siku ya kuomba. Mwenzetu mmoja wa darasani alijaziwa fomu steshenari, na kijana wa pale kwa haraka zake akaweka namba yake mwenyewe. Siku za kuthibitisha zilipofika, mwenye simu alikuwa mnadani huko Itigi, hapatikani. Alimpata jioni ya mwisho. Kwa hiyo jaza mwenyewe, au simama nyuma ya anayejaza na usome kila kisanduku. Na kama uko JKT, namba ya mtihani, nywila na simu iliyosajiliwa awe navyo mtu mmoja tu nyumbani unayemwamini. Watu watatu wakishika, kila mmoja atadhani mwenzake ameshathibitisha.

Mjomba alipopata habari alipiga simu usiku ule ule. Yeye ni dereva wa lori, anakaa Mbagala, darasa la chuo hajawahi kulikanyaga, lakini Mlimani anaishabikia kama mtu anavyoishabikia timu yake ya mpira. "Mlimani ndiyo chuo," akamwambia mama, "vingine vyote ni watoto wake." Na kwa kiasi fulani hakukosea: Muhimbili, Sokoine na Ardhi, zote zilikaa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kujitegemea. Akamalizia kwamba mtoto wa dada yake akipata Mlimani, kulala ni kwake, kula ni kwake, tatizo liko wapi?

Mama hakubisha. Mama huwa habishani na kaka yake kwenye simu. Aliniambia tu: "Kesho nenda kamwamkie mwalimu wako wa uhasibu, umsikie."

Mwalimu huyo alisoma Mzumbe enzi za IDM, ilipokuwa bado taasisi ya uongozi, kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2001. Nilidhani atanivuta kwake moja kwa moja. Nilipomweleza maneno ya mjomba alicheka, akasema mwambie Mzumbe palikuwa na shule ya watumishi wa serikali za mitaa tangu 1953, wakati Mlimani wameanza 1961, tena kwenye jengo la Mtaa wa Lumumba, hata huo mlima hawajaupanda. Kisha utani ukaisha.

"Unataka joho au unataka CPA?"

"Vyote, mwalimu."

"Joho utavishwa popote. Nenda kachukue orodha ya masomo ya kila kozi, mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Iweke pembeni ya mtaala wa NBAA. Usiniletee jina la chuo, niletee masomo."

Hilo ndilo shauri bora kuliko yote niliyopewa mwaka ule, kwa hiyo nitalieleza vizuri. CPA ndiyo sifa ya mhasibu kamili kitaaluma, na mitihani yake hutolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Ina ngazi tatu: ya awali, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati. Mwenye shahada ya biashara isiyo na uhasibu wa kutosha anarudishwa ngazi ya awali, akasome tena mambo ambayo mwenzake alishayamaliza chuoni. Hiyo ni ada nyingine na muda mwingine, na kwenye barua ya kuchaguliwa hakuna anayekuandikia. Kozi mbili zinaweza kuitwa "biashara", zikawa na ada inayokaribiana na miaka mitatu ile ile, halafu zikakutoa kwenye milango tofauti.

Nikaenda kwenye intaneti ya mjini, nikachapa orodha zile, nikakaa nazo kwenye benchi nje ya duka la mama. Nikawa napiga mstari chini ya uhasibu wa fedha, uhasibu wa gharama, ukaguzi, kodi. Mlimani ikapita. Mzumbe ikapita. Kulikuwa na chuo cha tatu nilichokiomba, sitakitaja, kozi yao ilikuwa na jina refu la kimataifa linalopendeza kulitamka, na picha za vijana waliovaa suti. Masomo ya uhasibu ndani yake yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki. Nikashukuru kwamba hawakuniita, maana jina lile lingeweza kunipeleka.

Kwa kipimo cha mwalimu, basi, vyuo vyangu viwili vilikuwa sare. Ada nazo, kwa kuwa vyote ni vya umma, hazikupishana kwa kiasi cha kuamua jambo. Ilibaki maisha ya kila siku, na hayo hayaandikwi kwenye kitabu chochote cha udahili.

Mama akauza madumu mawili zaidi ya aliyopanga kuuza wiki ile, akanipa nauli. Basi la Singida kwenda Dar linapita Dodoma na Morogoro, kwa hiyo safari moja ilitosha kuona kote. Nauli ile iliniuma, kwa sababu nilijua ni fedha ya nini. Lakini kama kuna njia yoyote ya kwenda kuona kabla ya kuthibitisha, nenda. Ukiwa huna, tafuta mwanafunzi anayesoma pale sasa hivi, asiwe aliyemaliza miaka kumi iliyopita, umuulize bei za vitu. Usimuulize kama chuo ni kizuri. Kila mtu chuo chake ni kizuri.

Nilishuka Msamvu, stendi ya Morogoro, nikalala kwa mwanamke aliyesoma na mama shule ya msingi. Asubuhi nikapanda daladala ya Mzumbe. Unafuata barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, kisha unakata kushoto kuelekea milimani. Chuo kiko chini ya Uluguru, na siku ile mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye miti. Wanafunzi wengi walikuwa likizo. Nikazunguka majengo, nikasoma mbao za matangazo, na kusema kweli hazikunifundisha mengi. Nilichojifunza nilikipata Changarawe, kijiji kilicho jirani, ambako wanafunzi hupanga.

Kulikuwa na mama lishe mmoja, sufuria zake zimegeuzwa juu ya meza kwa kukosa wateja. Nikaagiza chai na chapati, nikamwamkia, nikamwambia ukweli: nimechaguliwa hapa na Dar, nimekuja kuuliza maisha. Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka na daftari la kaunta lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Unataka maisha ya hapa? Haya, soma."

Lilikuwa daftari la madeni. Kila ukurasa jina, namba ya simu, na mistari ya sahani: wali maharage, ugali dagaa, chai. Aliyelipa amekatwa kwa kalamu nyekundu. Kurasa za Novemba zilikuwa zimejaa mpaka pembezoni, kisha nyekundu ikapita kote kwa siku moja au mbili. Baadaye madeni yanaanza tena kidogo kidogo, yanapanda, nyekundu inapita. "Bumu likitoka mimi sihitaji kuambiwa," akasema, yaani ile fedha ya mkopo wa wanafunzi. "Lakini huyu, na huyu," akaweka kidole kwenye majina mawili, "hawakopi kamwe. Wanapika wenyewe, wanachanga unga wanne wanne." Nikamuuliza chumba ni kiasi gani. Akaniambia vipo vya elfu thelathini, vya elfu arobaini vyenye umeme mzuri, na ukigawana na mwenzio unalipa nusu. Kutoka pale mpaka darasani ni kwa miguu.

Chapati ile hakunilipisha.

Dar mjomba alinipokea kwa furaha, na kesho yake akanipeleka Mlimani mwenyewe. Sitadanganya, moyo ulikwenda. Nilisimama mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, nikaingia kwenye bustani, nyani wakanipita kama wenyeji wao, nikaiona maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018. Kitivo cha biashara pale kipo tangu 1979, na siku hizi ni Shule ya Biashara inayojitegemea ndani ya chuo. Nikajipiga picha. Nikajiona.

Tatizo lilikuwa njiani. Kutoka Mbagala tulipanda daladala mbili, na tuliondoka mapema kabla jua halijachomoza kwa sababu mjomba anaijua barabara. Kurudi jioni nilisimama njia nzima mguu mmoja ukiwa juu ya ndoo ya mtu. Nauli kwenda na kurudi ilizidi elfu mbili, na chakula cha mchana sijaweka. Fikiria kipindi cha saa moja asubuhi, halafu kingine saa kumi jioni, na katikati huna pa kwenda wala pa kupikia.

Bwenini je? Wa mwaka wa kwanza hufikiriwa mapema, na hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 zinachukua wanafunzi 3,840, lakini wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, na wakati ule wa kuthibitisha hakuna aliyeweza kuniahidi. Tukaenda kuuliza vyumba Msewe na Changanyikeni. Dalali alituzungusha kutwa kwa ada ya kuonyeshwa. Chumba kisicho na dirisha la maana, elfu themanini kwa mwezi, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Mjomba alikuwa amenyamaza muda mrefu. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Si utakaa kwangu tu." Nyumba ya mjomba ina vyumba viwili na watu saba. Shangazi, mke wake, alinipenda na bado ananipenda, ila usiku ule nilimwona akihamisha watoto kutoka kwenye godoro ili mimi nilale, na hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye kama miaka mitatu inawezekana.

Kabla ya hesabu yenyewe, kuna jambo la kalenda ambalo nyumbani tulikuwa hatujalielewa mpaka mwalimu alipotukumbusha. Unathibitisha chuo kabla hujajua mkopo wako. Bodi ya Mikopo hutoa majina kwa awamu baada ya udahili, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Na kozi za biashara haziko kwenye kundi la kwanza la kipaumbele, ambako kuna ualimu wa sayansi, afya, uhandisi na kadhalika. Kwa hiyo unachagua gizani. Ukipiga hesabu kwa kudhani utapata mkopo wote, unajidanganya mwenyewe.

Mama akapiga hesabu mbili kwenye simu, mimi nikiandika nyuma ya barua ya maombi. Ya kwanza: mkopo upo. Mwaka ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa imepandishwa kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu ya kama siku 60, yaani laki sita kila bumu. Kwa laki sita, Changarawe nalipa chumba, nakula, nachapa kazi zangu, na kinabaki kitu cha kumtumia mdogo wangu. Kwa laki sita hiyo hiyo, Msewe chumba peke yake kingekula zaidi ya robo, na nisingekuwa nimetia kitu mdomoni. Hesabu ya pili: mkopo haupo. Mzumbe mama angeweza kunibeba muhula mmoja kwa taabu kubwa. Dar asingeweza hata mwezi wa kwanza, kwa sababu ya ile kodi ya miezi sita.

"Basi umeshajibu," mama akasema. Nikathibitisha Mzumbe kesho yake asubuhi. Mjomba hakunisemesha mpaka mchana, halafu akanipa elfu ishirini ya nauli.

Siku hazikuwa nyepesi baada ya hapo. Nyumbani watu waliponiuliza nimepangiwa wapi, nikisema Mzumbe, mtu ananiangalia: "Mzumbe si shule ya sekondari ya wavulana?" Ipo kweli, na ni maarufu. Nikawa naeleza kila mara, mpaka nikachoka nikawa nasema tu Morogoro. Rafiki yangu wa bweni, tuliyesoma naye ECA (uchumi, biashara na uhasibu) dawati moja, alithibitisha Mlimani. Alipoweka picha yake Nkrumah siku ya kujisajili niliitazama, nikaizima simu. Wivu ule ulikaa nami muhula mzima, na sijui dawa yake zaidi ya kuwa na kazi nyingi.

Kuhusu gharama za mwanzo, msikilizeni mtu aliyepita. Ada ya masomo si peke yake. Kuna bima ya NHIF, ambayo wakati wangu ilikuwa Sh50,400 kwa mwaka, kuna ada ya TCU, wakati huo Sh20,000, kuna kitambulisho, serikali ya wanafunzi, usajili. Kila kimoja ni kidogo. Vikikusanyika ni mzigo, na bila kuvilipa husajiliwi. Usiposajiliwa huwezi kusaini bumu. Na bumu la kwanza halikusubiri getini: jina litoke, usajiliwe, usaini kwa alama za vidole, ndipo fedha ishuke benki. Nenda na chakula cha mwezi na nusu. Mimi nilibeba unga, maharage na dumu la alizeti kutoka nyumbani, na dumu lile ndilo lililonipa marafiki, kwa sababu kwenye geto la watu wanne mwenye mafuta ni waziri.

Jina langu lilitoka awamu ya pili. Nilipata fedha yote ya chakula na malazi, na ada sehemu tu. Kilichonisaidia, naamini, ni kwamba karatasi zilikuwa safi: cheti changu cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vilikuwa vimehakikiwa mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na fomu ilikuwa na saini na mihuri yote, kuanzia serikali ya mtaa mpaka kwa wakili. Msichana tuliyepanga naye jirani alikuwa na herufi moja tofauti kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne. Herufi moja. Alihangaika na viapo mpaka muhula wa pili. Angalia majina yako leo, hata kama uko kidato cha tatu.

Masomo sitayazungumza sana. Hisabati ni hisabati popote. Niseme tu kwamba kule milimani jioni hakuna pa kwenda, na hilo kwa mtu wa uhasibu ni neema. Tulikuwa na kikundi cha watu sita, tunafanya mitihani ya miaka ya nyuma mpaka mlinzi anatutoa. Baridi ya Juni inakulazimisha kukaa ndani na ukaguzi wa hesabu zako. Sikupata sapu, yaani mtihani wa marudio. Waliopata, wengi wao hawakushindwa na somo, walishindwa na kuhudhuria.

Pale nilipobanwa ni kwenye fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mwaka wa pili unatakiwa kutafuta mwenyewe ofisi ya kukupokea, na kampuni za ukaguzi wa hesabu nyingi ziko Dar. Rafiki yangu wa Mlimani alikuwa anatoka darasani, anapanda gari, anaacha barua Posta, anarudi kwenye kipindi. Kurudia kufuatilia kwake ilikuwa nauli ya daladala. Kwangu kila barua ilikuwa safari. Barua nyingine uliipeleka, mtu wa mapokezi akaiweka juu ya rundo, na wewe unaliona rundo lenyewe. Bahati yangu treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, wakati ule ule natafuta. Nauli elfu kumi na tatu, unaondoka asubuhi, unaacha barua, unarudi siku hiyo hiyo bila kulala kwa mtu. Bila treni ile sijui. Mwishowe nilipokewa na ofisi ndogo ya ukaguzi Upanga, na wiki zile nililala Mbagala, kwa mjomba, kwenye lile godoro. Safari hii nilimuomba shangazi mwenyewe, na nilikwenda na mchele.

Wenzangu wa Dar walipata na kingine ambacho sikukiweka kwenye hesabu: vibarua. Rafiki yangu alipofika mwaka wa tatu alikuwa anaandika vitabu vya hesabu vya duka la vipuri Kariakoo kila Jumamosi. Alimaliza chuo ana uzoefu wa kuandika kwenye wasifu wake na mwajiri wa kumtaja. Mimi nilimaliza na GPA nzuri na barua moja ya fildi. Kama unakwenda chuo cha mbali na mji, hilo lipange tangu mwaka wa kwanza: likizo zisiishie nyumbani kulala, hata duka la pembejeo la wilayani kwenu linahitaji mtu wa kupanga risiti. Nilianza kufanya hivyo nikiwa karibu kumaliza, kwa msambazaji wa mbegu pale Singida, na ndiye aliyenipa barua iliyonisaidia baadaye.

Sasa hivi niko Dodoma, msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni binafsi. Nimefanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, wa kazi za serikali, pia. Unakaa ukumbini na watu wa Mlimani, IFM, Arusha, Mzumbe, kila mtu na namba yake ya usaili mbele yake, na swali la ulinganisho wa hesabu za benki halimuulizi mtu alisoma wapi. Kwenye kampuni binafsi jina la chuo husaidia kufungua mazungumzo, hilo siwezi kulikana. Mshahara wa kwanza ulipoingia nikakuta Bodi ya Mikopo wameshakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nilijua itakuja. Kuiona ni jambo jingine.

Rafiki yangu naye yuko hapa hapa nami kwenye CPA, ngazi ya kati sote wawili, tunatumiana maswali ya kodi usiku. Yeye baba yake ana nyumba Sinza. Tulipolinganisha gharama zetu za miaka mitatu, za kwake za kuishi zilikuwa chini kuliko zangu.

Mwaka huu binti wa mama mdogo amenipigia, ana Mlimani na Moshi, kile chuo cha ushirika. Masomo ameshayalinganisha, amenitumia hata picha za karatasi alizopiga mistari. Anaelekea Mlimani, kwa sababu mama yake mkubwa anakaa Makongo na kutoka pale ni karibu. Nimemuuliza kama mama mkubwa mwenyewe ameshaulizwa. Akasema atamuuliza mama kwanza amuulize.